Kamera ya Sebuleni

Mwangaluka, wazazi wangu. Bwana asifiwe. Naomba nisome nilichoandika, maana nikiwatazama nitasahau kila kitu, na wenzangu wa kwaya naona wameshaanza kunicheka.

Kwetu ni Kasoli. Hapa Bariadi naishi kwa mama mdogo ili nisome. Yeye anauza nguo minadani, anashinda nje. Wezi walipoingia nyumbani kwake, aliamua kuweka kamera sebuleni, ile unayoiangalia kwa programu ya kwenye simu. Hakuwa na barua pepe, basi fundi aliyeifunga akamfungulia akaunti kwa barua pepe yake yeye fundi. Tukamshukuru, tukampa soda na namba ya simu ya nyumbani.

Mimi huwa naachiwa kitochi, ile simu ndogo ya nyumbani. Likizo ilipoanza ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Sweta ya kijani imekupendeza." Nikadhani wamekosea namba, ila sweta ya kijani nilikuwa nimeivaa. Kesho yake: "Umelalia daftari. Amka usome." Ndugu zangu, nawaambia, nilifunga madirisha yote, nikachungulia mpaka uvunguni.

Mama mdogo alipousoma aliniuliza, "Anajuaje sweta yako kama hujamwingiza ndani?"

Nikalia, nikaapa. Akasema kama nina mvulana, basi shule imeisha, narudi Kasoli kulima pamba. Na mpaka nitakapomtaja nisitoke sebuleni. Nikae pale pale kamera inaponiona, ili akiwa mnadani anichunguze kwenye simu.

Nikakaa. Nikienda jikoni tu, mama mdogo anapiga kuuliza niko wapi. Nikirudi, yule mwingine anaandika: "Afadhali umerudi." Watu wawili wananitazama, na sikuwa na wa kumwambia. Niliacha kuimba. Niliacha hata kusali kwa sauti, maana sikujua nani anasikia.

Jumamosi moja mchana, dada mmoja wa hapa kanisani, anayetufungia vipaza sauti, alikuja kuuliza mbona sionekani kwaya. Mama mdogo akamwambia nimeharibika, akampa kitochi ajionee. Dada akasoma ujumbe wote. Kisha akatazama juu, akauliza akaunti ya kamera ilifunguliwa na nani. Alipojibiwa, akachukua kanga, akaifunika kamera.

Tukasubiri. Kitochi kikalia. Mama mdogo ndiye aliyekishika, akausoma ujumbe: "Mbona mmefunika?"

Akakaa chini sakafuni. "Mwanangu," akasema, "nimekuweka mwenyewe mbele yake."

Akaunti ilikuwa bado ya fundi, na simu nyingine isiyo yetu ilikuwa imeunganishwa. Nenosiri lilikuwa lile lile la kwenye boksi. Tulipeleka kitochi polisi. Shauri linaendelea, sitasema zaidi. Kamera tumeing'oa, na shule naendelea.

Namshukuru dada yule. Namshukuru na mama mdogo, yupo pale mbele, ndiye aliyeniruhusu niseme haya.

Wapendwa, ukifungiwa kamera, ukinunua saa janja, hata televisheni ya intaneti, akaunti iwe yako. Nenosiri libadilishe mwenyewe. Angalia simu zipi zimeunganishwa, na programu ikiomba kuona na kusikia, jiulize inampelekea nani. Mimi bado nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza kona za dari.

Na ninyi wazazi, mtoto akiletewa ujumbe kama ule, msianze kumuuliza amemwingiza nani. Kaeni kwanza pale anapokaa yeye, mtazame ni nini kinachomtazama.