Kamera ya Mama Mshonaji

Treni ilikuwa haijafika kituo cha pili, na behewa zima tulishajua kwamba mama mshonaji aliyekaa mbele yangu aliibiwa kompyuta nyumbani wiki iliyopita. Jirani yake wa kiti, fundi kompyuta, akamuuliza kama amebadilisha neno la siri la intaneti.

“Nimebadilisha kufuli,” alisema mama. “Nimeweka nondo, nimeweka na kamera sebuleni. Hilo neno ukoo mzima unalijua. Nikilibadilisha, shemeji atasema namfukuza.”

Kwa heshima ya shemeji, basi, nyumba ibaki wazi.

“Na kamera umeipa neno lilelile, dada?”

“Sasa kaka yangu, nikariri mangapi?”

“Kwenye ile kompyuta iliyoibwa ulikuwa umelihifadhi?”

“Ndiyo, nisije nikalisahau.” Alijibu kwa fahari ya mtu aliyejipanga, kisha akatoa simu amwonyeshe jinsi alivyojilinda. Nikachungulia, maana umbea hauna nauli. Kamera ilimwonyesha mumewe kwenye kochi, amelala mdomo wazi. Ulinzi madhubuti.

Fundi akagusa pembe ya kioo. “Hapa pameandikwa watazamaji wawili. Mmoja ni sisi. Wa pili nani?”

“Mume wangu.”

“Huyu anayekoroma?”

Treni ikasimama. “Basi atakuwa shemeji,” alisema mama akishuka, na sijawahi kuona mtu anayemwamini shemeji yake akikimbilia nyumbani namna ile.