Mama Ganzi, Aliyekataa Watu Waachwe Waumie

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, tunayemzika leo alikuwa dada, mke, mama na bibi. Hospitalini walimwita Mama Ganzi, na jina likamfuata hadi nyumbani.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa pili wa seremala na mshonaji, akitanguliza miguu. Mama yetu alikuwa akisema huyu alikuja duniani na ugomvi wake. Akiwa darasa la tatu aliwakuta wanaume watatu wamemkalia mjomba wake, jipu la paja likipasuliwa kwa wembe bila dawa yoyote, damu na usaha vikimwagika sakafuni. Mmoja wao akacheka, "Mwanaume ni kuvumilia!" Mtoto alimrukia akamng'ata mkono, nusura aondoke na nyama. Alichapwa kwa hilo na hakuomba radhi.

Alimaliza sekondari mwaka 1985, akasomea uuguzi, kisha utaalamu wa dawa za usingizi, akahitimu mwaka 1994. Ungeweza kumtania kwa mengi akacheka, lakini siyo kwa maneno "avumilie kidogo." Mapokezi walikuwa na mazoea ya kumnyima mgonjwa dawa mpaka daktari amwone, eti dawa itaficha ugonjwa. Waliovunjika mapaja walisukumwa kwenda kupigwa picha huku wakijing'ata ndimi. Hospitali ilipojiunga na utafiti wa kupiga ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya nyonga, sindano ikiongozwa na mashine ya picha, kabla mgonjwa hajasogezwa, yeye alijitolea wa kwanza. Matokeo yalipoonyesha kwamba wengi waliopigwa ganzi hiyo walipata nafuu kwa morfini kidogo tu, ile dawa kali ya maumivu, alitembea wodini akijidai kama bibi harusi.

Ndoa aliifunga tarehe 7 Desemba 1991, angali muuguzi, na fundi wa magari aliyeletwa kushonwa kidole. Siku hiyo ya kidole, saa nyingi baadaye, alimkuta bado amekaa kitini.

"Umeshashonwa zamani. Unasubiri nini?"

"Nakusubiri wewe."

Tarehe 3 Juni mwaka huu, kijana aliyeshukiwa wizi aliletwa miguu yote miwili ikiwa imevunjwa kwa nondo. Waliompiga walimfuata hadi mapokezi, ambako Mama Ganzi alikuwa ameshaingiza sindano.

"Mwizi anapewa ganzi ya nini?" mmoja alifoka. "Mwache asikie!"

"Asiyetaka kuona atoke," alijibu, akaendelea kusukuma dawa.

Nondo ilimpata ubavuni mara mbili, ikavunja mbavu na kupasua wengu. Dawa aliimaliza kabla hajaanguka.

Alifanyiwa upasuaji, lakini maambukizi yaliingia kwenye damu. Wanawe wawili, hasira zikiwa zimewapanda, walimsaka yule mpigaji wakamponda mikono yote miwili kwa nyundo ya gereji ya baba yao. Akaletwa hospitali ile ile, ukuta mmoja na kitanda cha mama yao. Wauguzi walimpita kama hawamwoni. Akapiga mayowe mchana kutwa.

"Mbona huyo hajapewa dawa?" Mama Ganzi aliuliza.

"Mama, ndiye aliyekupiga," binti yake alisema.

"Nimeuliza mbona hajapewa."

Muuguzi alipomletea sindano yake ya morfini, aliuficha mkono chini ya shuka. Jasho lilimtiririka, akauma mto. Binti alilia, mume akapiga magoti.

"Anzeni na yule."

Muuguzi alikwenda. Mayowe yalipokoma, ndipo akautoa mkono. Alifariki jioni hiyo, tarehe 11 Juni.

Ameacha mume, binti, wajukuu wanne, mdogo wake anayesoma haya, na wana wawili, walioletwa kuzika wakiwa na pingu na watakaorudishwa rumande tukishamaliza kufukia kaburi. Familia inawaomba vijana wote waliopo hapa: asiwepo wa kwenda wodini kulipiza. Yule mtu bado anatibiwa, na dawa anapewa.

Mola amlaze dada yetu mahali pasipo maumivu.