Fundi Kasimiri na Watoto Waliojenga Uani Kwake

Ndugu zetu mlioketi mkekani na mliosimama juani, ukoo umenituma mie Alfonsi, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na mnaonijua kwa mizaha mnisamehe, leo nitasoma yaliyo karatasini tu.

Kasimiri alizaliwa tarehe 4 Machi 1908 huko Newala, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1926 akaja Dar es Salaam kujifunza useremala, akafungua karakana Temeke mwaka 1935, na tarehe 12 Oktoba 1938 akafunga ndoa na dada yangu Bernadeta, wakajaliwa mtoto mmoja, Rosalia, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1941.

Dada yangu alifariki mwaka 1944, na tangu hapo mtoto hakusema na mtu ila baba yake, mgeni akipiga hodi yeye huyo uvunguni, na marehemu, mwanamume wa kupasua gogo la mninga, akaishi na hofu moja, kwamba siku akifa, mtoto huyu atabaki na nani. Basi akachonga vipande vya mbao vya kujengea nyumba za kuchezea pale uani, akawaita watoto wa mtaani, akamgawia kila mmoja aina yake, huyu kuta, yule mapaa, ili asiyemwomba mwenziwe asijenge kitu, na Rosalia akapewa milango yote.

Kosa lake lilikuwa rangi. Agosti 1947, mji mzima ukihofia mumiani, wale wanaosemwa kunyonya watu damu, yeye akachemsha magome ya mkoko apake mapaa, ndoo nyekundu ikakaa uani, na Tunu, binti wa jirani, akarudi kwao na viganja vyekundu. Alasiri ile walikuja watu kama arobaini, marungu na mapanga, mbele yao Mama Tunu na mchi wake wa kutwangia, wakitaka kujua damu ile ni ya mtoto gani, na Kasimiri, badala ya kujibu, akasimama anatweta na kutokwa jasho, kama mtu aliyefumaniwa hasa. Rungu lilikwisha kuinuliwa, ndipo Rosalia, kwa sauti ambayo hakuna jirani aliyewahi kuisikia, akasema:

“Mama Tunu, pitia mlangoni. Hapo umesimama chumbani kwetu.”

Mama Tunu akatazama miguuni, akamwona mwanawe, aliyekwisha kurudi mchezoni, amepiga magoti akishikilia ukuta wa mbao usianguke, akarudi nyuma, akazunguka kwa adabu, mchi begani, na Mzee Kornelio, jirani mwingine, akapata nafasi ya kuchovya kidole ndooni, akalamba, akatema, akawaambia huo ni mkoko, nendeni makwenu.

Watoto walirudi kesho yake, lakini marehemu, tusifichane, hadi mwisho akisikia vishindo vya watu wengi alikuwa akitia komeo.

Januari 1957 kifua kilimbana, akalazwa, akafariki Jumanne tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, akiuliza bado Rosalia atabaki na nani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliochonga jeneza hili, na majirani nyote, hata mliokuja siku ile ya mapanga. Wengi mmeniuliza ukoo ulimtuma nani kuwaletea habari ya msiba. Hatukumtuma mtu. Rosalia alitoka peke yake, akapiga hodi nyumba thelathini na mbili.

Shemeji yangu, lala sasa bila hofu.