Mguu wa Kushoto wa Mohanlal

Mwaka wa thelathini na nane, benchi letu la kahawa lilikuwa barazani kwa Mohanlal, fundi cherehani wa karibu na gati la Mwanza. Mimi nimefika Kampala, Mombasa hata Bombei, nikarudi na kofia tu. Ujinga wangu wote ni wa hapahapa. Mohanlal alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila wayo una donda lisilofunga, miezi saba sasa. Daktari akajaribu: kushoto dawa mpya, kulia ya zamani, kila Jumatatu akipima upana wa madonda kwa uzi. Sisi tukaamuru mguu wa majaribio, wa kushoto, uheshimiwe, ukawekwa juu ya kigoda. Jumatatu ninayoisimulia, uzi wa kushoto ulikuwa umepungua nusu. Wa kulia, vilevile. Daktari akasema kuanzia kesho dawa mpya itapakwa kote. Kulia kusipopungua kwa wiki tatu, mguu utakatwa.

—Dawa imefungua valvu, alisema Venant, tunayemwita Injini kwa kuwa aliwahi kuchochea makaa melini. —Sukari inatoka kama mvuke.

—Mbona hatuuoni? aliuliza Mohanlal.

—Si kuna bendeji, bwana!

Kashindye, aliyewahi kubeba sanduku la dresa, mfunga vidonda wa hospitali, siku moja akaitwa Dresa mpaka leo, alitikisa kichwa.

—Sukari imezoea kulia. Mkono gani unakoroga chai?

—Arre! Basi nikoroge kwa kushoto? aliuliza Mohanlal, huku akishona. Hakuwa anatania.

—Koroga. Chanda chema huvikwa pete.

—Hiyo ya harusi, Dresa!

Nami nikachangia:

—Dawa ni ya Waingereza. Magari yao hupita kushoto. Kulia haiijui njia.

—Basi ya kulia tuagize Usumbura, akadakia Injini, —kwa Wabelgiji, wao hupita kulia!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mohanlal alicheka pia, lakini mkono wake ulishika goti la kulia.

Akapita Tereza wa Igogo, muuza samaki, na ungo wa furu.

—Shikamooni.

—Marahaba.

Akatazama kigoda, kisha akainama kutazama chini ya cherehani.

—Baba, huo unaokanyagia, umepumzika lini?

Injini alimtazama Dresa. Dresa akanitazama mimi, msafiri. Nikatazama kikombe.

Cherehani ikanyamaza.

—Dresa, nikasema, —inuka. Huo mguu unataka kukaa.