Samli ya Arobaini

Boti ilipotoka Mkoani, wanawake wawili wa kiti cha mbele walikuwa hawajuani. Kabla ya kuiona Unguja walikuwa wameshagombana juu ya vijiwe vya nyongo. Nyuma yao Bi Mize alibana kikapu kwa miguu, akijifanya anavuta uradi, ingawa tasbihi haikusogea.

"Ni vya damu," alisema yule mwembamba. "Bibi alikuwa navyo, mama akapasuliwa, na mie leo nakwenda. Na samli siigusi."

"Damu gani, dada? Ni mafuta na uzazi," alijibu mwenziwe, kwa uhakika wa mtu ambaye tumbo halijapata kumuuma. "Mwanamke azae saba, na kila arobaini ya uzazi anyweshwe uji wa samli, alale tu. Visimpate kwa nini?"

"Mie nimezaa mmoja."

"Basi ungezaa saba ungekuwa ushazikwa."

Bi Mize alizidi kukibana kikapu. Yeye mwenyewe alitolewa nyongo zamani, na kovu lingalipo. Bintiye Nahla, aliyepasuliwa vijiwe hivyo hivyo juzi huko Unguja, ana watoto saba, na uji wa arobaini zote saba aliukoroga yeye.

Boti ilifunga gati. Wale wawili wakashuka, mmoja akisema damu, mwingine akisema mafuta. Bi Mize alibaki kitini, na kikapuni mlikuwa na chupa ya samli aliyomchukulia mgonjwa. Wao walikuwa wakibishania moja. Yeye mwanawe alikuwa amempa yote mawili.