Hakuuawa na Mbuzi wa Kiamaiko: Maisha ya Daktari Marion Nangila

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Donholm, na wageni mliotoka ofisini kwa marehemu, mimi naitwa Mourine, kifungua mimba wa Mzee Opicho, na huyu aliyelala hapa mbele yenu tumeachiana ziwa, kwa hiyo familia imeniona nafaa kumsomea safari yake kabla hatujaanza safari ya kwenda kumzika Butere, kwa wakwe zake, usiku wa leo. Jana ofisi yake ilimtuma mtu kutuomba tuseme kwamba aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu, basi, tusiongeze neno, nasi tukampa chai, akanywa, akaenda zake. Sitasema hivyo. Nimemwomba mchungaji msamaha mapema kwa sauti yangu, kwa maana nina hasira, na sioni sababu ya kuificha mbele ya jeneza la mdogo wangu.

Daktari Marion Nangila Opicho alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Opicho, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha sabuni, na mama yetu, ambaye mnamwona hapa ameshikiliwa na dada zake. Tulilelewa Jericho, katika nyumba ya vyumba viwili, na tangu utotoni mama akinunua samaki ilikuwa lazima Marion ampasue yeye kwanza, si kwa ajili ya chungu, bali aone yule samaki alikuwa amekula nini, na tumelala njaa si mara moja tukimngoja amalize uchunguzi wake. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Jericho kuanzia mwaka wa 1968 hadi 1974, akaenda shule ya bweni Bungoma hadi mwaka wa 1980, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, kusomea udaktari wa mifugo, chuo kilipofungwa mwaka wa 1982 akarudi nyumbani kuuza mboga na mama, akabishana na kila mteja, na mwishowe akahitimu mwaka wa 1986.

Aliajiriwa na serikali mwaka wa 1987 kukagua nyama katika machinjio ya Eastlands, na mwezi wa Januari 1992 akahamishiwa kitengo kipya cha kuchunguza afya ya wanyama wa baharini wanaonyonyesha, yaani pomboo, nguva na nyangumi wanaopita karibu na pwani yetu. Watu wa mtaa walimcheka sana, wakamuuliza bahari ya Donholm iko wapi, naye akawajibu kwamba maabara iko viwandani kwa sababu friza iko viwandani, na serikali haikuona haja ya kununua ya pili. Kila baada ya miezi mitatu aliteremka pwani na dereva wake, Bwana Mbithi, wakakodi mashua, akawafuata pomboo na darubini na kamera, akiangalia kama ngozi ina vidonda, kama mbavu zimeanza kuonekana, kama wadogo wananyonya, kama kuna aliyekatwa na wavu, na yule aliyekufa na kutupwa ufuoni alimpasua pale pale, akatia vipande kwenye barafu, akavisafirisha kwa basi hadi Nairobi. Aliwajua kwa mapezi yao ya mgongoni. Mmoja ambaye pezi lake lilikuwa limechanikachanika kama akala iliyoisha, zile ndala za tairi zinazoshonwa Kariokor, alimpa jina Kariokor, na jike mmoja aliyekuwa akiwasukuma wenzake akamwita Mourine, akaniletea picha yake, nami nikanuna wiki nzima.

Mnamo mwaka wa 1988, angali mkaguzi wa nyama, alifika Kiamaiko, kwenye soko na machinjio ya mbuzi, akakataa mbuzi wawili wa kijana mmoja aliyeitwa Dishon Kweyu, akaamuru wafukiwe, na badala ya kumtukana kama walivyofanya wengine, Dishon aliomba aonyeshwe kosa, akaonyeshwa maini, akatazama kwa makini, akasema asante. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989 katika kanisa la Marafiki, wakahamia Donholm, Mungu akawajalia Ayuma mwaka wa 1990 na Okwaro mwaka wa 1993. Naomba mkumbuke kwamba tangu siku ile ya maini, Dishon hakuwahi kuuza mbuzi ambaye mkewe angemkataa, na kwamba maziwa waliyokunywa, ambayo Batulo, mke wa Mzee Dirie anayemuuzia Dishon mbuzi, alikuwa akiwapelekea kila Ijumaa, Marion aliyachemsha hadi yakamwagikia jiko, na mimi niliyeliosha lile jiko ni shahidi.

Sasa nafika pale nilipoombwa nisifike. Kuanzia mwaka wa 1995 Marion aliomba glavu ndefu za mpira, miwani ya kazi na vitambaa vya kufunika pua, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa zimepasuka, na kila mwaka aliambiwa asubiri. Katika miaka hiyo hiyo ofisi yake ilichapisha kalenda za rangi, kwa picha za pomboo alizopiga yeye, zikagawanywa kwa wakubwa, na mojawapo iko ukutani kwangu, ni nzuri sana. Alipozidi kusumbua, mkuu wa kitengo, Bwana Kitonga, alimjibu mbele ya wafanyakazi wote, "Daktari, hao wanyama wanaoga chumvi tangu wazaliwe, watakuambukiza nini? Hofia ng'ombe." Watu wakacheka, na jioni hiyo Marion akaja kwangu, akala ugali, kisha akaniambia kwamba mtu anaweza kusoma hadi akapewa ofisi yenye zulia na bado asijue kwamba mnyama anayenyonyesha huumwa kama sisi.

Tarehe 12 Julai 1997 walipata habari kwamba pomboo sita wametupwa ufuoni karibu na Kipini, wanne wamekufa na wawili wanakata roho, Marion na Bwana Mbithi wakateremka bila glavu hata moja, na walipofika mdogo wangu alifunga mikono yake kwa karatasi za nailoni, zile zile tunazobebea sukuma wiki, akaanza kazi. Jike mmoja alikuwa na mimba, na kitoto kilikuwa kimemfia tumboni. Bwana Mbithi alimshikilia yule jike huku Marion akikitoa kile kitoto, karatasi zikachanika, na maji ya uzazi yakawarukia wote wawili mikononi, usoni na mdomoni. Angeweza kuwaacha, ninajua mnawaza hivyo, nami nilimwambia hivyo hivyo, lakini alisema kwamba kama pomboo wanaharibu mimba kuna jambo linawamaliza, na asipolitafuta yeye hakuna atakayelitafuta.

Mwezi wa Agosti akaanza homa ya jioni, jasho la kulowesha shuka na maumivu ya mgongo, akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa tena malaria, mvua za El Nino zikaja zikakata barabara naye yuko kitandani, hadi mwezi wa Januari mwaka huu Daktari Irungu alipompima damu akatuambia ni brusela, homa ambayo wengi wetu tunaijua kwa ajili ya maziwa mabichi na mifugo. Bwana Kitonga alikuja kumtazama hospitalini, akasikia jina la ugonjwa, akamgeukia Dishon pale pale kando ya kitanda, akasema kwamba jibu limepatikana, bwana wa mgonjwa si ni wa Kiamaiko? Sentensi moja tu, kisha akachukua kofia yake akaondoka, na ile sentensi ikabaki.

Ilibaki, ikatembea, ikafika Jericho kabla yetu. Kaka zetu waliitisha kikao, wakasema Dishon amemlisha dada yao kifo, na Dishon, aliyekuwa amekesha hospitalini, aliwauliza neno moja, "Mashemeji, kama ni nyama yangu, mbona mimi niko sawa, mbona watoto wako sawa, na sufuria ni moja?" Mimi nilisema swali lile lina haki ya kujibiwa, nikaambiwa mambo ya wanaume niwaachie wanaume. Wateja wakamkimbia, Mzee Dirie na Batulo wakaacha kuja kumwona mgonjwa kwa kuogopa kutukanwa, kaka zetu wakaapa kwamba dada yao akifa Dishon hatagusa jeneza, na huko shuleni Ayuma, mtoto wa miaka minane, akaambiwa na wenzake kwamba babake ndiye anayemuua mamake kwa nyama, akarudi nyumbani akawa hali tena nyama, wala hakumwambia babake sababu. Aliniambia mimi. Bwana Kitonga, nimeisoma hiyo polepole ili uisikie.

Mwezi wa Aprili Daktari Irungu alimpima Dishon, akawapima watoto, akawapima Mzee Dirie na Batulo na watu wa nyumba yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na brusela. Alitueleza kwamba katika miaka hii michache wataalamu wa ng'ambo wamevikuta vijidudu vya jamii hiyo kwa pomboo, hata kwa pomboo walioharibu mimba, kwamba yeye hana kifaa cha kumwezesha kuapa kuwa ndivyo ilivyokuwa, lakini angependa sana kumpima mtu mwingine yeyote aliyewagusa wale wa Kipini. Tulikwenda ofisini kumuulizia Bwana Mbithi, tukaambiwa yuko likizo, tukarudi, tukaambiwa bado yuko likizo. Vijidudu vikaingia moyoni, vikaharibu vali, vile vilango vya kupitishia damu, na asubuhi ya Jumanne tarehe 19 Mei 1998 Daktari Marion Nangila akatuacha, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jumapili iliyopita tukiwa matangani, kaka zetu wote wakiwepo, aliingia mtu amekonda, ameinama mgongo, anatoka jasho kwenye baridi hii ya Mei, nasi hatukumtambua hadi alipotaja jina lake, Mbithi. Alisema hajawahi kwenda likizo, alikuwa amelala kwake Mlolongo tangu Septemba, na mkuu wake alikuwa akimwambia ni malaria ya pwani, akapumzike, asizungukezunguke. Hajawahi kukanyaga Kiamaiko, na kwao hawali mbuzi kwa sababu ya kanisa lao. Jumatatu tulimpeleka kwa Daktari Irungu, na jibu lilitoka jana, ni brusela. Kaka zangu wako hapa, waliisikia kwa masikio yao, na tangu jana hawajaniambia niwaachie wanaume jambo lolote.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Irungu, ambaye kati ya wote waliomtibu ndiye wa kwanza kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani, nawashukuru wauguzi, na majirani wa Donholm mliotuletea kuni na maji, pamoja na nyinyi mliomwamkia Dishon kwa mbali, leo mna nafasi ya kumsogelea. Nawashukuru Mzee Dirie na Batulo, waliokuja tangu alfajiri wakasimama nje ya lango. Watu wangu, lango hilo lifunguliwe, waingie wakae. Wafanyakazi wenzake wa marehemu nawashukuru kwa shada la maua, na nawaomba mnisikilize, kwa sababu wanyama wale bado wako baharini na atatumwa mwingine kuwapima, basi akitumwa avae glavu, na asipopewa akatae kwenda, nanyi mkatae pamoja naye. Bwana Kitonga, Mbithi ni yule aliyeketi karibu na ukuta, amejifunika koti. Ugonjwa wake unatibika ukiwahiwa, na ni wewe uliyemchelewesha, kwa hiyo kuanzia Jumatatu atatibiwa kwa jina la ofisi yako, na akifa nitaomba familia yake iniruhusu nisome historia yake pia.

Nakaribia mwisho. Ayuma, mwanangu, uko wapi, sogea unisikie vizuri, babako hakumuua mamako, mamako aliugua kazini, na yeyote atakayekuambia vingine, hapa au shuleni, mlete kwangu. Shemeji Dishon, toka huko nyuma. Tokea hapa katikati watu wote wakuone, kaka zangu watakupisha, shika jeneza la mkeo upande wa kichwa, ndipo wengine washike.

Marion, mdogo wangu, pumzika. Hasira niachie mimi.