Kifafa Nilichokubali kwa Mdomo Wangu

Mama zangu na dada zangu mliokusanyika hapa kanisani, mniwie radhi nikisema kwa kirefu. Haya sijawahi kuyasema yote, hata nyumbani.

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa binti wa hapa Bugwema, nimemaliza darasa la nane, nimeshachumbiwa. Nikaitwa Musoma kwenye usaili wa kazi ya kupokea simu. Kiingereza nilikuwaga nakisoma ubaoni tu. Cha kuongea sikuwa nacho. Binamu yangu akaniambia, "Wewe itikia yesi kila wanachouliza. Wakubwa hawapendi mtu mbishi."

Nikaitikia. Bwana mmoja wa miwani akauliza jambo, nikasema yesi. Akaniangalia, akarudia polepole. Nikasema yesi kwa nguvu zaidi, na tabasamu juu. Akaandika. Nilirudi nyumbani nikijua kazi ni yangu.

Wiki ya pili nilienda kisimani, nikakuta wanawake wanachota. Mmoja akasogeza ndoo yake mbali na yangu. Nilipofika nyumbani mama akaniita jikoni.

"Mwanangu, kifafa kimekuanza lini?"

"Kifafa gani, mama?"

"Tarishi wa ile ofisi ni wa kijiji jirani. Anasema uliulizwa kama unaanguka kifafa, ukakubali mara mbili."

Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa pale pale kwenye majivu. Nilikuwa nimejishtaki mwenyewe, huku natabasamu. Mwezi haukuisha, wakwe wakaja kuchukua ng'ombe wao. Kanisani nikawa nakaa benchi peke yangu. Nikikana, wanasema ni aibu tu. Ikafika mahali naogopa hata kusimama karibu na moto, nisije nikaanguka kweli.

Shangazi yangu akanichukua kwake Bunda kuvuna pamba. Jirani yake alikuwa mama aliyewahi kuuguza wagonjwa misheni. Nilipomweleza, akanisogezea sahani yake. "Hata ungekuwa nacho," alisema, "tungekula pamoja."

Mama huyo alinifundisha Kiingereza cha kazi humo humo shambani. Ananiuliza, najibu, mikono inachuma. Nikisema yesi ovyo, anasimama. "Nimekuuliza nini?" Nikikosa, ananifundisha kusema kwa Kiingereza: sijaelewa, tafadhali rudia. Nililisema hilo mpaka likawa langu.

Mwaka uliofuata nikarudi Musoma. Bwana ni yule yule. Swali la tatu likanipita. Nikasema kwa Kiingereza kwamba sijaelewa, arudie.

Akaweka kalamu chini, akanigeukia kwa Kiswahili. "Wewe si yule binti wa kifafa?"

"Sina kifafa, mzee. Siku ile sikuelewa swali."

"Mbona hukusema?"

"Sikujua kama inaruhusiwa."

Akavua miwani. "Na mimi Kiswahili ninakijua," akasema taratibu. "Ningeweza kukuuliza."

Kazi nilipata, nikaifanya mpaka nikastaafu. Mchumba hakurudi. Waliosogeza ndoo, wengine mmekaa humu, na siwataji.

Namshukuru shangazi, namshukuru mama yule wa sahani, na Mungu aliyenikutanisha nao. Wanangu mnaotafuta kazi, usilolielewa sema hujalielewa, hata kama anayeuliza amevaa tai. Na sisi wazazi, tukisikia habari ya mtoto wa mwenzetu, twendeni tukamuulize mwenyewe, kwa lugha anayoijua.